Risala ya Wenye Migongo wa Nakivale: Tunacheka, na Bado Tunaumwa

Mgeni rasmi, uliyetoka Mbarara ukala vumbi lote la barabara ya Kaberebere kwa ajili yetu: mambo yetu yaliharibika Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, tukiwa tunacheka.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Kiti ulichokalia ni cha mama Jocelyne, kina mto kwa sababu ya kiuno chake. Egemea tu. Leo amesema anaweza kusimama.

HISTORIA

Tuko wakimbizi ishirini na mmoja wa kambi hii, Wakongo na Warundi, wenye maumivu yasiyokwisha. Wa kwanza alikuwa mwenzetu Anselme. Mgongo wake ulikakamaa siku alipoinama kushusha jeneza la mke wake, Mariette. Miaka miwili hakuinama tena, hata kufunga viatu. Picha ilipigwa, haikuonyesha kitu. Wakubwa wa zahanati wakamwambia, "Mzee, ni mawazo tu," wakampa panadoli. Kama ni mawazo, panadoli ya nini? Anselme analisema hilo mpaka leo, na hatumkatazi.

Ndipo akaja daktari wa mazoezi, Kembabazi wa Kakoba, huko kwenu Mbarara. Akamwambia: "Mzee, maumivu yako iko ya kweli. Lakini mwili yako ni kama askari wa geti. Mwizi alikuja mara moja, sasa hata mbuzi ikipita, yeye anapiga filimbi. Tutamfundisha pole pole."

MAFANIKIO

Kila Jumatano tulibeba madumu kutoka bombani hadi kanisani. Wiki ya kwanza yalikuwa matupu. Kila wiki tuliongeza kikombe kimoja cha maji, hakuna kuzidisha hata mtu akijisikia simba. Njiani kila mmoja alisema kinachomlemea. Kwenye kikombe cha kumi na mbili, Anselme alitaja jina la Mariette bila kushika kiuno.

Mwenzetu Bienfait akamtania, "Mzee, sasa utatafuta mwingine."

"Wa kazi gani? Wa kunibebea vikombe?"

Tulicheka mpaka maji yakamwagika. Akaanza kulala usiku. Akafunga viatu mwenyewe.

CHANGAMOTO

Tarehe hiyo tuliyotaja mwanzo ilikuja gari ya ukaguzi, ya wale wanaomlipa Kembabazi. Kwetu mgeni hapokewi kwa sura ya kuumwa. Anselme akajaza dumu zima, lita ishirini, akalipitisha mbele ya wageni, na sisi wajinga tukacheka na kumpigia makofi. Mkaguzi akaandika: wamepona. Anselme akalala kitandani siku nne. Na kwa kuwa tumeandikwa tumepona, Kembabazi hakuruhusiwa kurudi.

"Banaandika mugongo yangu bila kuuliza mwenyewe," Anselme alisema.

Tunaendelea wenyewe, lakini tumeshuka hadi vikombe sita. Yeye, vitatu.

MAOMBI

Hatuombi dawa. Tunaomba Kembabazi, Jumatano tu.

Asubuhi hii Jocelyne alishauri tuingie tukichechemea ili utuamini. Tulijaribu pale nje. Bienfait akachechemea kwa mguu usiouma, kicheko kikatushinda. Basi tumekuja tulivyo.

Mungu akupe usingizi wa kutosha na mgongo unaoinama, akufikishe Mbarara kabla ya mvua. Ni sisi, Kikundi cha Tuiname Pamoja, Nakivale, tunaouliza swali ambalo kila ofisi imelipokea na kulifungia kabatini: ili Kembabazi arudi, mnataka tuumwe kiasi gani?