Waliiombea Sufuria Yangu, Hawakula

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, na safari hii waitike hata wale waliokunja mikono kule nyuma. Mimi ni Mama Apio, mpishi wa hapa Mpumudde. Leo nimekuja na kijiko hiki mnachokiona, na nimekuja na hasira. Pasta aliniambia nishuhudie kwa upole. Nimejaribu tangu asubuhi, nimeshindwa.

Mimi ni Mwacholi. Kiswahili nilikipata katika nyumba za askari magereza, maana baba alikuwa askari na mume wangu pia. Tuliishi Mbale. Vita vilipoipindua serikali na askari wa kwetu wakakimbia, mume wangu alitoka asubuhi moja kwenda kazini, na mpaka leo hajarudi. Nikabaki na watoto watatu na sufuria mbili. Nikafungua hoteli ndogo karibu na soko: mabati manne, mabenchi mawili, ugali wa wimbi na mboga ya kunde iliyoungwa kwa simsim, yaani ufuta.

Ndugu zangu, Mbale wanajua kula! Yale malewa yao, machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, wakiyapika na karanga unaweza kusahau jina lako. Lakini mimi nikifungua mdomo Kiswahili kikatoka, wao walisikia bunduki. Waliporwa na askari kwa lugha hiyo, sikatai. Je, ni mimi niliyewapora? Mteja anakaa, namletea sahani, anasema, "Wewe bibi ya afande, onja kwanza." Najua, mwenye pombe huonja mbele ya wageni, na ni heshima. Lakini huonja mara moja! Mimi nilionjeshwa kila sahani, huku wakinitazama koo kama kweli nimemeza. Nikakifunga kijiko hiki kiunoni kwa kamba ili nisihangaike kukitafuta. Kilikaa hapo miaka miwili.

Nikahamia Jinja, nikafungua tena hoteli hapa Mpumudde. Nilidhani huku ni kwingine. Nasikia wageni wakibishana mji upi unakula vizuri, huu au Mbale. Huku wanasifu samaki wa hoteli zenye vitambaa mezani, kule wanasifu hoteli zenye vitambaa vilevile. Hakuna anayeuliza habari za mama wa uchochoroni, anapikia nani na analala amekula nini.

Miezi mitatu nilipata wateja. Kisha mtoto wa jirani akatapika. Hakuwa amekula kwangu hata tonge moja! Lakini maneno yakaenea kwamba mwanamke wa kaskazini anatia kitu. Mwenyekiti wa mtaa akaja akasimama mlangoni. "Mama, mimi sina neno na wewe," akasema. "Lakini watu wanaogopa. Ijumaa jioni nikikuta benchi bado tupu, funga uende." Niende wapi na watoto watatu?

Nilikimbilia hapa. Kwenu! Na mlikuja, sikatai. Mlikuja watu kumi na mmoja na Biblia. Mkapaka mafuta mlangoni, mkakemea pepo la sumu litoke kwenye sufuria, mama mmoja akanena kwa lugha mpaka mfuniko ukatetemeka. Mboga ilikuwa imeiva, inanukia. Mkasema amina. Mkanawa mikono. Nikakimbia kuleta sahani, nikidhani mnanawa ili mle. Kugeuka, mmeshatoka! Kesho yake nikawaona watano kati yenu Bugembe, kando ya barabara, mnatafuna kuku wa kuchoma. Nawafahamu kwa majina. Sitawataja, maana Pasta ameshaanza kukohoa.

Ijumaa ikafika, benchi tupu. Mchana, baada ya sala ya msikitini, akaingia mzee mmoja peke yake, Hajji Twaha, anayeuza vitenge Nalufenya. Nikamwekea ugali na mboga, na kwa mazoea nikachomoa kijiko. Akaifunika sahani kwa mkono.

"Mama, unafanya nini?"

"Naonja, Hajji, uone hakuna sumu."

"Nani alikuomba?"

Yule mzee alikasirika kuliko mimi. "Mimi nimeshasema Bismillahi," akasema. "Kijiko chako kitaongeza nini?"

Akala! Akamaliza, akalamba vidole, akaomba tena. Kisha akasimama nje akawaita wenzake waliotoka msikitini, "Njooni hapa! Huyu mama anajua simsim!" Wakaja, mabenchi yakajaa. Mwenyekiti alipofika jioni hakupata pa kukaa, akala amesimama. Mimi nilikuwa jikoni nalia machozi na kamasi. Maombi yenu Mungu aliyasikia, lakini jibu alilipitisha msikitini. Mjiulize kwa nini.

Sasa msidhani mimi ni malaika. Mwezi uliopita mama mmoja Mnubi, Mama Zainabu, amefungua hoteli nyumba ya tatu kutoka kwangu. Wanubi, mnakumbuka, tuliwaita wote watu wa yule mtawala wa kijeshi wa miaka ya sabini, na wakati wake kaka yangu alichukuliwa na askari. Nikapita mlangoni kwake wiki tatu bila salamu. Mimi, ninayejua kutengwa! Juzi nikaona aibu, nikaingia. Akaleta kisra, ule mkate wao mwembamba, na mchuzi wa bamia. Sijasema neno, akachukua kijiko akaanza kuonja sahani yangu. Ndugu zangu, nilijiona mimi mwenyewe pale Mbale. Nikamshika mkono, nikasema, "Dada, acha. Kwa jina la Yesu, mimi nakula." Nikala mpaka sahani ikawa nyeupe. Siku ya Hajji nilipata wateja, lakini kufunguliwa nilifunguliwa juzi, mezani kwa Mama Zainabu.

Kijiko hiki nakiacha hapa madhabahuni, sikihitaji tena. Namshukuru Mungu aliyenilisha kwa mikono nisiyoitarajia. Na wewe usiyemwamini bado, mwamini, hatakuacha! Ila kuamini si kusema amina ukaenda zako. Mama Zainabu ana mabenchi mawili, na leo amepika. Pasta, naomba sala ya kufunga ibada tusiifanyie hapa. Twende tukaifanyie kwake, tukishanawa mikono.