Uso wa Mkwaruzo Kwenye Mabati

Wasikilizaji wapendwa, mlipita pale. Mliona mtaa mzima umezungushiwa mabati, mkaona tingatinga limeegeshwa, mkainamia simu zenu. Leo mnamlilia Mkwaruzo, mpiga gitaa la roki, aliyefariki wiki iliyopita. Mkwaruzo huyohuyo aliyewaambia mapema kwamba mji wenu unauzwa nanyi mkiwa ndani.

Alikulia mtaa ule, chini ya meza ya dada yake, fundi cherehani. Dada ndiye aliyemlea. Gitaa lake la kwanza alilining'iniza shingoni kwa mkanda wa mteja. "Mteja kaja, suruali ipo, mkanda haupo," dada anasimulia. "Nikamwambia, mdogo wangu, utanifukuzia wateja kwa kelele na kwa udokozi."

Miaka ikapita, akawa na jina mjini. Kisha soko la jirani likavunjwa, pakaota jengo la vioo. Wakubwa wa mji wakamwalika Mkwaruzo aimbe siku ya ufunguzi. Walidhani roki ni makelele tu. Hakuna aliyewahi kusikiliza maneno yake. Akapanda jukwaani, akawaimbia usoni: hapa alikaa mshona viatu, hapa kinyozi, mmewapeleka wapi? Wakazima umeme. Akaendelea kwa koo tupu.

Tangu siku hiyo kumbi zote zikamfungia milango. Akawa anapiga gitaa mlangoni kwa dada, akisema mtaa huu ndio unaofuata. Mkamwita kichaa. Mkamwambia anapinga maendeleo. Naye akawauliza, maendeleo gani hayo yanayomwogopa fundi cherehani?

Sasa amekufa, na wakubwa walewale wamechora uso wake kwenye mabati. Mabati yaleyale yanayouzunguka mtaa alioutetea. Wakamwendea dada na shada la maua, wakamwomba apige nao picha. Akawajibu huku anashona: "Alipokuwa hai mlimzimia umeme. Leo mnamtundika awe mlinzi wenu? Nipisheni, mnanizibia mwanga."

Dada yetu, pole sana. Pole kwa ukoo mzima. Lakini pole ya redioni haizuii tingatinga, nalo linaingia kesho asubuhi. Dada ameapa hatoki. Yuko peke yake na cherehani yake. Kwa hiyo, msikilizaji, usipige simu studio kuomba wimbo. Jiulize uliona nini ukapita. Kisha zima redio, beba kigoda, nenda ukakae mlangoni kwake. Sasa hivi.