Diski ya Mali kwa Mali

Benchi la Idarous liko Majengo, Thika, ubavuni mwa ofisi ya kupiga taipu ya Musau na mkewe Mama Ndunge, na ukilikalia asubuhi moja tu utajua habari zote za mji, isipokuwa zile za kweli. Idarous humimina kahawa tungu na kuuza njugu. Profesa, ambaye jina lake ni Abdulnasir na shule aliiacha darasa la sita, hutoa mihadhara. Gerishon, fundi wa redio, anaitwa Waya kwa sababu hajawahi kuonekana bila kipande cha waya mfukoni. Mgeni akifika pale, hamalizi kikombe cha kwanza kabla ya kubandikwa jina la utani. Asubuhi hiyo Musau alitoka ofisini kwake amekumbatia kompyuta, lile sanduku lenyewe, akalituliza benchini katikati ya watu, akakaa kando yake kama aliyeleta mgonjwa.

— Imekufa? Waya akauliza.

— Haijakufa. Inawaka vizuri, tena mbio kuliko zamani. Lakini project ya Firdaus haimo.

— Firdaus gani?

— Yule msichana wa university, anakaa Kahawa Wendani. Mama Ndunge amempigia hiyo kazi mwezi mzima, ukurasa kwa ukurasa. Akamaliza, akaenda kwao Kitui kumwona mamake. Mimi nikaachiwa kitu kimoja tu, kuprinti. Msichana anakuja kuichukua leo. Asipoipeleka kesho, anarudia mwaka.

— Aa, hiyo ni maneno, Waya akasema, akanywa kahawa.

— Maneno? Si ni nyinyi mliniambia nibadilishe diski?

Musau alikuwa amejikasirikia mwenyewe, lakini benchi lilikuwa karibu zaidi. Wiki hiyo jamaa mmoja alikuwa amepita na begi la vipuri vya kompyuta. Kila mtu Thika anawajua wale akina mama wa mali kwa mali wanaozunguka mlango hadi mlango: unatoa nguo kuukuu, unapewa beseni jipya. Huyu alifanya vivyo hivyo kwa kompyuta. Diski ya Musau ilikuwa ndogo, ya zamani, imejaa mpaka mashine inakwenda kwa kukohoa. Jamaa alikuwa na kubwa. Benchi zima likampigia Musau makofi, naye akatoa ile ndogo, akaongezea koti lake la harusi, akafungiwa ile kubwa papo hapo. Jamaa akanyweshwa kahawa ya bure, akapewa jina lake, Mali kwa Mali, na kila mtu akafurahi.

— Wewe Waya ndiwe ulisema diski ni kama sufuria, kubwa ndiyo inafaa.

— Na si ni kubwa? Nilidanganya?

— Kubwa na tupu!

— Ni tupu kwa sababu bado ni ngeni, Profesa akasema, akiweka kikombe chini ili apate mikono ya kuongelea. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hiyo diski ina siku ngapi humo ndani?

— Mbili.

— Basi! Kesho inashika jembe.

— Kesho msichana anarudia mwaka, Mzee!

— Usinipigie kelele. Haraka haraka haina baraka.

— Lakini nawe, Waya akasema, ungeiweka kwa floppy. Watu wa akili huweka kwa floppy.

— Pahali pa floppy paliharibika kitambo. Na fundi aliyepaharibu amekaa hapo.

Waya akakagua waya wake.

— Na zile karatasi? Profesa akauliza. Si msichana aliandika kwa mkono kwanza? Mama Ndunge akirudi apige tena.

Musau aligeuka polepole akamtazama Idarous, na Idarous akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangika.

— Idarous, yale makaratasi niliyokupa yamebaki mangapi?

— Ya kufungia njugu? Wallahi yalikuwa mazuri, magumu, hayapenyi mafuta. Yaliisha Jumamosi. Kulikuwa na mechi.

— Aiya! Yote?

— Timu yetu ilishinda, ndugu yangu. Watu walikula.

Musau akashika kichwa. Alikuwa akimwona Mama Ndunge usiku, vidole ndani ya beseni la maji ya moto, akilalamika kwamba msichana wa watu anaandika vibaya kuliko daktari, na kesho yake akirudi pale pale kwenye kiti. Hakuna siku aliyoacha. Musau aliona aibu, aibu kamili ya mume, na ilimuuma zaidi kwa sababu ile diski alitaka iwe zawadi ya kumpokea nayo.

— Sikiza, Waya akasema, sauti ikiwa ya mtu aliyefikia uamuzi. Mnatafuta pahali pabaya. Mama Ndunge akipiga, maneno yalikuwa yanaonekana wapi?

— Kwa skrini.

— Haya. Hayakuonekana kwa diski. Diski ni kama betri tu. Kazi yote iko nyuma ya kile kioo. Lete skrini niifungue, tuikwangue.

— Ukifungua hiyo skrini, nami nitakufungua wewe.

— Huyu hajui, Profesa akasema. Ile kitu Wazungu wanaiita memory, yaani kumbukumbu. Na chenye kumbukumbu hakikwanguliwi, hukumbushwa. Mama Ndunge aandike ukurasa wa kwanza peke yake, na zile nyingine zitakuja zenyewe, mmoja mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kwani ni mbuzi, zitafuatana? Musau akauliza.

— Mimi nina wazo lingine, Idarous akasema, naye kwa kawaida haongei. Jana stima ilipotea. Kuanzia hapa mpaka Ruiru, giza tupu.

— Na sasa?

— Stima ikipotea inakwenda wapi? Inarudi ilikotoka. Na inarudi na vilivyomo. Hiyo project saa hii iko kwa transfoma, Ruiru.

Waya akatikisa kichwa juu chini, kwa heshima.

— Inawezekana, akasema.

— Ngoja, Musau akasema. Mnataka niende Ruiru nipande juu ya transfoma, niulize project?

— Si peke yako, Profesa akasema. Umoja ni nguvu.

Musau alisimama. Alikuwa amefungua mdomo amwambie Profesa kitu ambacho mtu hamwambii mzee, aliposikia nyuma yake sauti ndogo ikitoa salamu.

— Asalaam aleikum.

Wote wakaitikia. Alikuwa Firdaus, mtandio umepigwa vumbi la safari, kwapani ameshika folda mpya ya kutilia kazi yake. Akalitazama lile sanduku lililokaa benchini, kisha akawatazama wao.

— Baba Ndunge, ni sawa?

Musau akamweleza. Alieleza yote, diski, koti, karatasi za njugu, bila methali hata moja. Firdaus hakulia. Alifikiri kidogo.

— Kwa hivyo kazi yangu iko ndani ya ile diski mliyopeana?

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Profesa alikuna ndevu. Waya alisema, eh, polepole, kama anayeguswa na stima.

— Iko, Musau akasema. Imo. Ngai, imo ndani!

— Na huyo mtu atakuwa ameifuta?

— Begi lake lilikuwa limejaa. Labda hata hajaigusa.

— Basi tumtafute sasa hivi. Anaitwa nani?

— Mali kwa Mali! wakajibu wote kwa pamoja, kwa furaha.

— La. Jina lake.

Profesa akamtazama Waya. Waya akamtazama Idarous, Idarous akaitazama birika. Jamaa yule alikaa pale asubuhi nzima. Alisimuliwa goti la Profesa, mashtaka ya shamba la kina Waya, harusi ya bintiye Idarous, na jinsi Musau alivyompata mkewe. Hakuna aliyemwachia nafasi ya kusema neno.

— Anakaa wapi? Firdaus akauliza. Alikuwa ameshatoa kalamu, ameiweka tayari juu ya folda.

— Sijui, Musau akasema.

Benchi lile lilikuwa halijawahi kulisikia neno hilo. Firdaus naye alidhani ndio mwanzo tu wa jibu. Aliendelea kumwangalia, kalamu ikiwa imegusa folda, akingoja amalizie.