Odell Birdsong na Mtu Asiye na Begi wa Njia Namba Tisa

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kupanda na kushuka mlima wa mji wetu wa Duluth, kando ya ziwa, na barua za watu begani, ndugu yetu Odell Birdsong anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2014, saa tisa alasiri. Nimeombwa niandike maneno machache kwa sababu mimi, Ezell Gaines wa karakana ya magari, namjua kuliko mtu yeyote wa tawi hili la posta, na kwa sababu, kama mjuavyo, kalamu yangu haina breki.

Odell alikuja huku mwaka 1978 kutoka Pine Bluff, Arkansas, kufanya kazi ya chuma kama mjomba wake. Kiwanda kikafungwa kabla buti zake mpya hazijalainika. Januari 1981 posta ikamchukua, na siku yake ya kwanza mimi ndiye niliyemfundisha siri ya kuweka gazeti kati ya soksi mbili. Gazeti la Jumapili ndilo linalofaa, kurasa za michezo, maana zina joto zaidi. Asiyeamini ajaribu.

Theluji kubwa ya 1991 haikumzuia. Alitembea juu ya mapaa ya magari bila kujua kuwa ni magari, akagonga dirisha la ghorofani la mama mmoja aliyedhani ameletewa uokozi, akampa katalogi ya mbegu za nyanya. Mbwa wa Njia Namba Tisa, njia yake ya kupelekea barua, walikuwa kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumbwekea mara ya pili. Mbwa walimjua Odell mapema kuliko wenye mbwa.

Maana wenye mbwa walichelewa. Wiki yake ya kwanza simu ya ofisi haikupumzika. Aliyekuwa akipokea ni msimamizi wetu wa wakati ule, marehemu Bi Dagny Aune, nami nilisikia kwa masikio yangu haya.

“Kuna mtu mweusi mtaani kwetu, anapita nyumba kwa nyumba!”

“Amevaa bluu?” anauliza Dagny.

“Ndiyo.”

“Ana begi?”

“Ndiyo, kubwa!”

“Anatia kitu kwenye sanduku lako?”

“Ndiyo, hivi sasa anatia!”

“Basi nenda kasome barua zako, mama.”

Ikawa ada. Simu ikilia, Dagny haulizi jina wala mtaa, anauliza begi. Begi likiwepo, mambo yamekwisha.

Sasa nieleze jambo moja kwa wenzetu wasiolijua. Sisi weusi tulio wachache katika mji huu, ambamo unaweza kutoka Jumatatu ukafika Alhamisi hujaona uso unaofanana na wako ila kwenye kioo cha kunyolea, tuna salamu yetu. Usiyemjua unamshushia kidevu kidogo: nimekuona, nami nipo. Unayemjua unamwinulia kidevu: vipi, kaka. Haifundishwi na haikosewi. Hata mtoto wa miaka sita anaijua.

Oktoba 1996 Odell alipasuliwa goti la kulia akalazwa wiki tatu. Njia yake ikashikwa na Gary Skoglund, ambaye nyote mnamjua, mweupe kama unga. Tukasema, haya, simu zitapumzika. Siku ya tatu simu ikalia.

“Kuna mtu mweusi mtaani kwetu.”

“Ana begi?” akauliza Dagny, kwa mazoea.

“Hapana. Mikono mitupu. Anatembea tu.”

Kesho yake zikaja simu mbili, keshokutwa nne. Koti la kahawia, mikono mitupu, anachechemea, anatembea tu. Gary alikuwa mtaa uleule saa ileile na hakuona kitu ila ukungu wa ziwa. Askari wawili wakaenda hospitali, wakasimama mbele ya kitanda cha Odell.

“Saa nne asubuhi ulikuwa wapi?”

“Hapahapa, mguu umening'inizwa kama paja la nguruwe buchani. Muulizeni huyo nesi.”

Nesi alicheka. Askari hawakucheka.

Jumapili ile, baada ya ibada, Mama Verlene Tubbs aliyekuwa akitupikia kanisani alisimama kichwani mwa meza na sahani ya samaki mkononi, akatuhesabu.

“Wanaume weusi wa kuupanda ule mlima ni wanne,” akasema, “na wote, ukiacha Odell aliye kitandani, wako hapa wananimalizia samaki. Sasa nyie niambieni, huyo wa huko juu ni wa nani?”

 

Nyumba ya mwisho juu kabisa, yenye ngazi arobaini na moja, ni ya Bwana Norman Tollefson. Huyo alimwambia Gary waziwazi: “Akikanyaga ngazi zangu, sipigi simu tena.” Nyuma ya mlango wake ilisimama bunduki ya kuwindia kulungu.

Odell aliporudi kazini, Jumatatu tarehe 4 Novemba, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliuegemea nikidhani ni ukuta. Honi ya bandarini ililia tangu alfajiri. Nikamshika mkono.

“Kaka, chukua wiki moja zaidi.”

“Ezell, wanamtafuta mtu mweusi. Nikikaa nyumbani watampata yeye. Nikienda watanipata mimi. Afadhali nikajue ni nani.”

Yaliyofuata alinisimulia jioni hiyo karakanani, ameshika kikombe cha kahawa asichokinywa. Na Odell hasemi uongo. Uongo wote wa tawi hili nimeuhodhi mimi.

Alifika juu ya mlima karibu saa sita mchana. Hatua ishirini mbele yake akamwona mtu wa koti la kahawia, mgongo umemgeukia, mikono mitupu. Goti la mtu yule lilikuwa likilia tik, tik. La Odell nalo, lililokuwa bado na bandeji, likilia tik, tik. Odell akapunguza mwendo, milio ikaendelea kulingana. Mtu akageuka. Ndevu nyeupe, kovu juu ya unyusi wa kushoto. Odell akamshushia kidevu, kama impasavyo mtu asiyemjua.

Yule mtu akamwinulia.

Kisha akaanza kupanda ngazi za Tollefson.

Odell akamfuata, goti liume lisiume. Walipofika karibu na kibaraza mlango ukafunguliwa, bunduki ikatangulia kutoka. Mdomo wa bunduki ukamwelekea mzee wa koti, ukamwelekea Odell, ukarudi kwa mzee.

“Yupi kati yenu?” akasema Tollefson. “Semeni! Yupi kati yenu?”

Miaka kumi na tano Odell amempelekea barua siku sita kwa wiki, na mtu yule hakuweza kuchagua.

Odell akalitua begi chini, akainua mikono. “Bwana Tollefson, mimi ndiye mwenye begi. Binti yako Kristin huandika kila wiki kutoka Tucson, wino wa kijani. Mkeo alipofariki nilipanda ngazi hizi na barua za pole mia moja na nne, nimezificha ndani ya koti langu zisilowe. Nakuomba. Usimpige huyu. Hana kitu mikononi.”

“Amekuja kufanya nini hapa?”

“Anatembea tu.”

 Halafu bunduki ikashuka. Ukungu ukapita kati yao kama pazia, na ulipokwisha kupita, kwenye ngazi palikuwa na Odell peke yake na begi lake.

Nilimwambia palepale karakanani, sikumzungusha: “Odell, lile kovu ni lako. Lile goti ni lako. Huyo ni wewe uzeeni.”

“Nilijua aliponiinulia kidevu,” akasema. “Alinijua.”

“Mbona hukumwambia Tollefson?”

“Nimwambie nini, Ezell? Kwamba wananishtaki mapema?”

Tangu siku ile simu za mtu asiye na begi zilikoma, miaka kumi na saba sasa. Katika miaka hiyo Odell alipokea beji ya kutembea bila ajali, akawafundisha wapeleka barua tisa wapya, akamgundua bibi mmoja aliyeanguka jikoni kwa kuona tu gazeti la jana halijachukuliwa, na bibi yule yu hai na atakuwepo Ijumaa. Ndevu zake nazo zikawa nyeupe. Majira ya baridi mwaka juzi mkewe, Lavonne, alimnunulia koti zuri la kahawia. Alilivaa mara moja mbele ya kioo, akalitundika. Nililiona kwao nyuma ya mlango, nikasahau kilichonipeleka.

Daktari amemwambia goti lile akililaza litalala moja kwa moja, lazima atembee kila siku. Sote tulimshauri atembee ndani ya lile jengo la maduka, kama wazee wengine, pana joto na sakafu ni laini. Amekataa.

“Miaka yote nimepanda kule kwa ajili ya barua zao,” alisema. “Sasa nataka kupanda kwa ajili yangu. Kule juu ziwa linaonekana lote.”

Kwa hiyo Jumapili iliyopita, akiwa hana sare wala begi, amevaa lile koti, alipita mlango kwa mlango Njia Namba Tisa yote kujitambulisha kwa jina. Nilimsindikiza hadi mguuni mwa mlima nikabaki garini injini ikinguruma, si kwa woga, betri ilikuwa dhaifu. Wengi walimkumbatia na kumpa keki. Wengine waliomwona kila siku tangu wajenge walifungua mlango nusu, wakauliza anamtafuta nani. Mmoja alimwonyesha mfereji wa paa ulioziba, akidhani ndiye fundi. Odell alitaja jina lake, akasema kuanzia Jumatatu atapita akitembea tu, akaenda mlango wa pili.

Mwisho alipanda ngazi arobaini na moja. Tollefson ana miaka tisini na mmoja, akili yake huja na kwenda, na Kristin amerudi kumtunza. Lakini mlango aliufungua mzee mwenyewe, na nyuma ya mlango bunduki ilikuwa palepale. Aliangalia koti. Aliangalia ndevu. Aliangalia mikono.

“Wewe,” akasema. “Nimekungoja tangu siku ile.”

“Nipo,” akasema Odell.

“Yule bwana wa posta, mwenye begi, ndiye aliyekuombea. Alisimama hapo hapo ulipo. Uliwahi kumshukuru?”

“Bado.”

“Mshukuru. Alikuwa akitetemeka.” Mzee akatoa mkono, nao ukashikwa. “Unaitwa nani?”

“Odell Birdsong.”

“Haya, Bwana Birdsong. Pita.”

Kristin alikuja kutoka jikoni, akaichukua bunduki bila neno, akaingia nayo ndani.

Odell aliteremka, akaingia garini, akanisimulia hayo yote. Tulipokaribia daraja akasema, “Ezell, sikujua kama nilikuwa natetemeka.”

Odell, kwa niaba ya msimamizi, karakana, chumba cha kupangia barua na kila nyumba ya Njia Namba Tisa, tunakushukuru kwa kazi iliyotukuka. Tunakuombea asubuhi za jua, goti tulivu na ziwa lote mbele ya macho yako. Nenda ukatembee, kaka yetu, na kila siku urudi nyumbani.