Janelle Tollefsrud na Siku Aliyosema Hapana

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, Janelle Tollefsrud atazima kompyuta yake pale ofisi ya maktaba za jimbo, achukue kikombe chake chenye picha ya bata, na arudi nyumbani moja kwa moja. Atakuwa amezitumikia maktaba za Dakota ya Kaskazini kwa miaka thelathini na mmoja. Ni mwanangu wa kwanza. Nimzae mimi, halafu wasifu wake aandike mtu mwingine? Haiwezekani.

Duane, mwenzake wa meza ya pili, ndiye aliyenipigia simu. "Bibi Ardis, tuandikie maneno mawili matatu ya jarida la wafanyakazi. Lakini usitie chumvi."

"Duane," nikamwambia, "nimepika miaka sitini. Usinifundishe chumvi."

Watu wa kwetu hatuna desturi ya kujisifu. Mtu akijenga ghorofa atakwambia ni kibanda tu cha kujikinga na upepo. Lakini mimi nina miaka themanini na sita na nimenyamaza vya kutosha, kwa hiyo nasema wazi: hajatokea mtu hodari kama Janelle kwenye kile kiti, na waliobaki wanisamehe.

Kwa muda mrefu, nilipoulizwa kanisani Janelle anafanya kazi gani, nilijibu kwamba anauza kompyuta. Kumbe yeye ndiye anayeuziwa. Zipo kampuni zinazokusanya magazeti, majarida ya madaktari, ensaiklopidia na vitabu vya kutengeneza trekta, zikaviweka vyote pamoja kwenye mtandao, kisha zikauza ufunguo wa mlango. Wenyewe huita kanzidata. Kampuni ni nyingi, na kila moja inaapa kwamba yake ndiyo yenyewe. Kazi ya Janelle ilikuwa kuiongoza kamati inayochagua ni ipi jimbo liichukue, ili mtoto wa Hovdal, mji wetu wenye barabara moja na ghala la ngano, asome kile kile anachosoma mtoto wa chuo kikuu. Kamati ikikosea, jimbo zima linaishi na kosa hilo miaka minne, maana ndio urefu wa mkataba.

Wauzaji walimwogopa, na walimpenda. Hakuwahi kuchagua kampuni kwa sababu ya tai nzuri ya muuzaji. Alidai kwanza wafungue mlango bure kwa mwezi mzima, kisha akawaita watu wa kawaida wajaribu: mwalimu, mkulima, muuguzi, na mimi.

"Mama, wewe ukipata jibu, kila mtu atapata," aliniambia. Nikalichukua kuwa ni sifa.

Sasa nitaje na kasoro yake, nisije nikaambiwa nimeandika habari za malaika. Janelle hakujua kusema hapana. Mwaka alioolewa, mama mkwe wake, marehemu Solveig, alimwandalia lutefisk, yaani samaki mkavu aliyelowekwa kwenye magadi mpaka akaanza kutetemeka kama uji uliopoa. Akamuuliza anaonaje. Mwanangu, kwa adabu niliyomlea nayo, akasema, "Si mbaya." Kwetu hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Angesema tu "ni tofauti," Solveig angeelewa kwamba hataki hata kumwona tena huyo samaki, na mambo yangekwisha kwa amani. Badala yake, kila Krismasi aliwekewa sahani iliyofurika, na Solveig alipofariki, wifi yake akairithi kazi ya kumjazia. Janelle aliila yote, mwaka baada ya mwaka, akitabasamu huku machozi yakimlengalenga.

Basi ndiye huyo aliyekuja Hovdal Oktoba iliyopita kuongoza uchaguzi wake wa mwisho. Kamati ilikutana kwenye chumba cha chini cha maktaba yetu. Mimi nilikuwepo kama mjaribu, tena mjaribu mkongwe, na nilileta sinia la keki ya siagi ya karanga. Alikuwepo pia mkurugenzi mpya, Bwana Whitcomb, mtu mwema kabisa aliyetoka Philadelphia na koti jepesi lisilofaa hata kwa Septemba yetu.

Kampuni zilizobaki zilikuwa mbili. Ya kwanza iliitwa Omnivanta. Ilikuwa na dunia inayozunguka kwenye skrini, muziki, na sauti ya mwanamke inayojibu maswali kama rubani wa ndege. Orville, anayelima ngano nje ya mji, aliomba kitabu cha mashine yake ya kuvunia, akapewa historia ya shayiri huko Misri ya kale. Mimi niliuliza nimfanye nini kuku anayekula mayai yake mwenyewe. Nikaletewa utafiti kuhusu wazee wa mjini, mayai, na lehemu kwenye damu.

Ya pili, Haddock na Rusk, ilikuwa na ukurasa mtupu kama ukuta wa ghala. Orville alipata kitabu chake pamoja na mchoro wa kila mkanda. Mimi nilijibiwa kahawa ikiwa bado ya moto: ongeza chokaa kwenye chakula, na weka yai la mbao kwenye kiota.

Wauzaji walipoondoka, Bwana Whitcomb akakunjua mikono. "Haya jamani, niambieni ukweli mtupu. Omnivanta mmeionaje?"

"Ni tofauti," akasema LaDonna, mkutubi wetu wa Hovdal.

"Ni tofauti sana," akaongeza Orville.

"Inavutia kweli," akasema mwalimu. "Mtu akishaiona hawezi kuisahau."

Bwana Whitcomb aling'aa uso. "Na hawa Haddock na Rusk?"

"Si mbaya," akasema LaDonna.

"Itafaa tu," akasema mwalimu.

"Tumewahi kuona mbaya zaidi," akasema Orville, na ninamjua Orville tangu akiwa mtoto, alikuwa karibu kulia kwa furaha.

"Basi kazi imekwisha!" Bwana Whitcomb akapiga meza. "Omnivanta imeshinda. Jumatatu naweka sahihi."

Orville akachungulia kahawa yake kama mtu aliyeangusha jino ndani. LaDonna akasema, "Sawa basi," kwa sauti ya mtu anayeuza shamba la baba yake. Hakuna aliyethubutu kumkosoa mgeni mbele ya watu. Nikaiona ile miaka minne ikija: watoto wa jimbo zima wakiuliza hesabu na kupewa muziki.

Nikamkanyaga Janelle chini ya meza. "Sema."

"Mama, huyo ni mkurugenzi," akaninong'oneza.

"Na mimi ni mama yako."

Akasimama. Masikio yalikuwa mekundu kama yalivyokuwa siku ya kipaimara chake. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Hapana," akasema.

Kijiko cha mwalimu kilianguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kukiokota.

"Hapana nini?" akauliza Bwana Whitcomb.

"Hapana, tusiichukue Omnivanta. Samahani sana, Bwana Whitcomb, lakini hawa watu hawaitaki hata kidogo. 'Ni tofauti' ndilo tusi kubwa kuliko yote waliyo nayo."

"Lakini hakuna aliyesema vibaya!"

"Wamesema vibaya mno. Hujawahi kusikia watu wa hapa wakitukana hivi."

"Na hiyo 'si mbaya'?"

"'Si mbaya' ndivyo baba yangu alivyomwambia mama yangu siku ya harusi yao, alipomwona na gauni."

Wote wakanigeukia. "Ni kweli," nikasema. "Na nililia mpaka kitambaa cha kichwani kikalowa."

Bwana Whitcomb akamgeukia Orville polepole. "Mzee Orville, kwani wewe unaichukia Omnivanta?"

Orville akaizungusha kofia yake mikononi. "Kuchukia ni neno kali, bwana. Ila ingekuwa ng'ombe, kesho asubuhi angekuwa mnadani."

Hapo mkurugenzi akacheka, na alipocheka yeye, kila mtu akaanza kupumua. Akaketi, akawauliza tena mmoja mmoja, na safari hii Janelle alimfasiria kila jibu kama wanavyofasiriwa mabalozi. Kamati nzima ikaichagua Haddock na Rusk. Kisha Bwana Whitcomb akachukua kipande cha keki yangu, akatafuna, akafumba macho.

"Bibi Ardis, keki hii ni tofauti!"

"Bwana Whitcomb!" Janelle akamkemea.

Akameza haraka. "Samahani. Si mbaya. Si mbaya!"

Nikampa kipande cha pili.

Tangu Januari maktaba zote za jimbo zinatumia Haddock na Rusk. Mashine ya Orville iko tayari kwa mavuno. Kuku wangu sasa anataga na kuacha mayai yake kama kuku mwenye akili. Bwana Whitcomb amenunua koti la maana. Na Krismasi ile, wifi yake alipomletea Janelle ile sahani inayotetemeka, mwanangu alisema, "Hapana, asante." Mara mbili ndani ya mwaka mmoja! Wifi alishtuka, akakaa, kisha akakiri kwamba hata yeye hajawahi kumpenda yule samaki. Nikajua sasa Janelle anaweza kustaafu, maana ataweza kujilinda.

Nawashukuru Duane, LaDonna na wenzake wote mliomvumilia akiwataka mjaribu kitu kile kile mara ya tatu. Nawashukuru hata wauzaji. Atakayekalia kiti chake asiogope kunipigia simu, maana mimi bado najaribu.

Janelle, tunakuombea afya, usingizi mzuri wa asubuhi, na Krismasi nyingi za nyama ya kuoka. Baba yako hayupo wa kukwambia, kwa hiyo nakwambia mimi kwa niaba yake, mbele ya jimbo zima, na atakayesoma aelewe uzito wake.

Si mbaya, mwanangu. Si mbaya hata kidogo.