Marfa Haurylenka (1933–2024), Mkamuaji wa Lipava

Marfa Haurylenka alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1933 katika kijiji cha Lipava, wilaya ya Brahin, kusini mwa Belarusi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Tsimafei na Mama Aryna. Alisoma madarasa mawili, kisha vita vikafika, shule ikachomwa moto, na familia ikaishi msituni miezi saba. Vita vilipokwisha aliongeza madarasa mengine mawili.

Mwaka 1951 aliajiriwa kukamua ng'ombe katika shamba la ushirika, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mitano. Tarehe 6 Novemba 1955 alifunga ndoa na Ryhor, dereva wa trekta. Ryhor alipenda kusimulia kwamba siku alipokwenda kumposa zizini, Marfa, aliyekuwa akikamua ng'ombe, alimjibu bila kuinua kichwa, "Subiri nimmalize huyu." Walijaliwa mtoto mmoja, Vasil. Ryhor alifariki mwaka 1979.

Aprili 1986 mjukuu wake Zoya, anayesoma wasifu huu, alikuwa na miaka minne na alikaa kwake, kwani Vasil na mkewe Halina walifanya kazi mjini Homel. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka tarehe 26, hakuna aliyewaambia kitu. Walipanda viazi. Asubuhi na jioni Marfa alimpa mjukuu wake maziwa ya moto ya Lyska, ng'ombe wa nyumbani aliyekula majani mabichi. Tarehe 4 Mei mabasi yaliwahamisha. Baadaye sana ndipo walipojua kwamba iodini yenye mionzi ilianguka kwenye majani, ikaingia kwenye maziwa, ikajikusanya katika tezi za shingo za watoto.

Februari 1992 Zoya alionekana na uvimbe shingoni. Ilikuwa saratani, na tezi yote ikaondolewa huko Minsk. Daktari alipoeleza kwamba sasa mtoto angemeza iodini yenye mionzi, Marfa alisimama mlangoni akauziba mlango kwa mikono.

"Tena? Mnataka kummalizia?"

"Mama, ile iliingia bila kupimwa. Hii tunaipima wenyewe, na itayaua mabaki ya saratani," alijibu daktari.

Alipisha, ila tangu siku hiyo hakunywa tena maziwa. Kwa kuwa hakuwa na tezi, Zoya alipaswa kumeza kidonge cha homoni kila siku, na kila asubuhi, hata mjukuu alipokuwa mtu mzima, Marfa alimuuliza, "Kidonge umemeza?" Mengine hakuyasema.

Mwaka 2009 Zoya alijifungua Ulyana. Marfa alimpokea mtoto na kumpapasa shingo kabla hajamtazama uso. Vipimo vya mtoto vilipotoka vikiwa safi, aliketi jikoni.

"Mimi ndiye niliyekunywesha, Zoya. Kwa mkono wangu huu."

"Bibi, nilikuwa nakulilia kikombe cha pili. Ungeninyima ningeipiga ndoo teke."

"Ulikuwa mlafi kweli."

"Na wewe hukuambiwa."

"Sikuambiwa," alisema, akalia muda mrefu. Kisha akala vipande vinne vya mkate na mafuta ya nguruwe, akalala. Mtu aliyeamka saa kumi alfajiri maisha yake yote, kesho yake aliamka saa nne.

Desemba 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Alifariki tarehe 2 Machi 2024, nyumbani, akiwa na umri wa miaka tisini. Siku mbili kabla, alimshika Zoya mkono. "Miaka yote nilihofia nitakuzika. Nilimwomba Mungu nitangulie mimi, naye amenisikia. Usinililie sana, watu watadhani kuna jambo baya."

Leo anarudi Lipava, kulazwa kando ya Ryhor. Ameacha mwana, Vasil, mkwe, Halina, kitukuu, Ulyana, mwenye miaka kumi na minne na shingo nzima, na mjukuu, Zoya, mwenye miaka arobaini na miwili, aliyepona na amesimama hapa.

Pumzika, Bibi. Amani iwe nawe.