Mkono wa Kulia wa Nehemiah Nyamweya

Waombolezaji wote, wachungaji, na nyinyi wa kiwandani mliojaza lori mbili, mimi ni Mogire, mdogo wake marehemu, na nimepewa kusoma kwa sababu katika ukoo huu hakuna anayenishinda sauti.

Marehemu Nehemiah Nyamweya alizaliwa hapa Manga tarehe 9 Mei 1974, siku ya mvua ya mawe, akiwa na kilo tano kulingana na mama, sita kulingana na mimi ambaye sikuwa nimezaliwa, akasoma hapa hapa hadi darasa la nane mwaka 1989, akinibeba mgongoni kila mto ulipojaa, akafunga ndoa na Bathsheba Mong'ina tarehe 6 Disemba 2003, wakajaliwa mtoto mmoja, Joyline, kabla Bathsheba hajatutoka mwaka 2020.

Mwaka 1996 aliajiriwa na mzee Rasiklal katika kiwanda chake cha chai karibu na Keroka, akawa fundi wa mashine ya kusaga majani, na nasema bila kuogopa kwamba alijua mashine imechoka kwa kuisikiliza tu akiwa huku nyumbani. Tarehe 12 Agosti 2017, zamu ya asubuhi, mashine hiyo ilimshika mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, watu kumi na mmoja wakiona, mkono ukapona kwa nje tu, vidole vikabaki vimekunjika na maumivu hayakuhama.

Tarehe 1 Machi 2019 Rasiklal aliuza kiwanda, wamiliki wapya wakaleta barua za Kiingereza za kutiwa sahihi, na hapa niseme ukweli mbele ya jeneza, mimi ndiye niliyemsomea, nikijidai Kiingereza nakisoma kwa kukitazama tu, nikamwambia ni barua nzuri, weka sahihi kabla hawajabadilisha nia, kumbe ilisema ameajiriwa siku hiyo kama mgeni, mkono ukawa umeumia kabla mwenyewe hajaandikwa kazi. Alipoachishwa mwaka 2022, wapya walisema mkono ni wa Rasiklal, Rasiklal akasema kwa simu kwamba aliuza kila kitu, mikono pia, kitabu cha ajali hakikuonekana, na afisa wa leba Kisii, anayesikiliza malalamiko ya wafanyakazi, akamwambia, mzee, niletee mtu mmoja tu aliyeona.

Miaka mitatu ndugu yangu alisimama ng'ambo ya geti zamu ikitoka, amevaa tai, akiwaita kwa majina, nanyi wa kiwandani mkitazama simu zenu, nawe Okemwa ukamwambia, bwana Nyamweya, tuna watoto, akajibu hata yeye anaye, akarudi peke yake kwa miguu. Ile barua hakuwahi kunitajia hata siku moja.

Aprili mwaka huu usaha uliingia kwenye mfupa wa mkono ule, akalazwa Kisii, akatuacha Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa tano asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliomkamulia ng'ombe, na wafanyakazi wenzake, kwa maana hajawahi kuwapata wengi hivi. Kesi aliyofungua ya fidia ya mkono inasikizwa Alhamisi tarehe 26 Juni, Joyline atakuwepo, nami nitakuwepo nikiwa nimenyamaza, jambo ambalo halijawahi kuonekana Manga. Kitabu cha maombolezo kiko mezani, ukurasa wa kwanza tumewaachia wale kumi na mmoja, mtu aandike jina lake na alichoona, kalamu ipo, na safari hii simsomei mtu.

Nehemiah, ndugu yangu, pumzika kwa amani, na mkono huo sasa ulale.